Barua ya wazi kwa Urais wa Kwanza na Mitume Kumi na Wawili: Tuambieni ninyi kwanza

Kwa Urais wa Kwanza na Akidi ya Mitume Kumi na Wawili,
Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho,
Salt Lake City, Utah, Marekani.

Waheshimiwa ndugu zangu katika Kristo,

YAH: HISTORIA YA KANISA LETU NA HAKI YA MUUMINI KUELEZWA

Nawasalimu kwa heshima zote, ninyi mnaoliongoza Kanisa letu duniani kote. Anayewaandikia ni muumini wa miaka mingi. Nilibatizwa nikiwa mtu mzima, nikahudumu misheni, nikafunga ndoa hekaluni, nikafundisha Shule ya Jumapili mpaka hivi karibuni nilipopumzishwa. Kazi inayonipa mkate ni ualimu wa biolojia. Nayataja haya mapema kwa sababu najua husemwaje mtu anapouliza: kwamba amekosewa na fulani, au ana dhambi anayotafutia kichaka. Mimi sina kichaka. Jumapili ijayo nitakuwa kwenye benchi langu kama kawaida.

Sikuanzia hadharani. Nilianza na kiongozi wangu wa karibu, faraghani, mlango umefungwa. Alinisikiliza kwa upole, akaniambia nisali na nisome Kitabu cha Mormoni, andiko letu tunalolisoma pamoja na Biblia. Nikasali, nikasoma, nikamaliza, nikaanza tena. Baadaye nilikwenda kwa aliye juu yake, na maswali yangu nimeyaandika kwenye karatasi mbili. Huyo aliniuliza jambo moja tu: "Haya umeyasoma wapi?" Nikamjibu kwamba mengi nimeyasoma kwenye makala za Kanisa lenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nisiyalete darasani. Wiki chache baadaye darasa likapewa mtu mwingine. Ningewaandikia ninyi kwa siri, lakini mwongozo wa Kanisa unaelekeza kwamba barua za waumini kwa wakuu kwa kawaida zirudishwe kwa viongozi wa maeneo, yaani kwa walewale niliokwisha kuketi nao. Nimekosa mlango wa nyuma, nimekuja kupitia wa mbele.

(Tangu 2018 mmetuomba tuache kujiita Wamormoni. Natii, ingawa nikitaja jina refu la Kanisa, jirani huniuliza: "Ndiyo dini gani hiyo?" nami huishia kulitaja lile jina fupi.)

Hoja ya kwanza: ukuhani na ngozi yetu

Hii ndiyo kubwa, na nitakaa hapa kuliko pengine.

Mwaka 1836, Joseph Smith, nabii na mwanzilishi wa Kanisa letu, akiwa hai, mtu mweusi aitwaye Elijah Abel alitawazwa kuwa mzee katika ukuhani, ambao kwetu hupewa wanaume waumini wa kawaida. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyemrithi Joseph, alitangaza mbele ya bunge la Eneo la Utah kwamba watu wenye asili ya Afrika hawawezi kuupokea ukuhani huo. Marufuku ikadumu mpaka Juni 1978, wakati wa Rais Spencer W. Kimball. Ni miaka 126. Haikuwagusa wanaume peke yao: bila ukuhani hapakuwa na endaumenti, ibada takatifu ya hekaluni, na bila endaumenti mume na mke weusi hawakuweza kuunganishwa hekaluni kwa milele, baraka ileile tunayowatangazia watu kuwa ndiyo kilele cha injili.

Namfikiria sana Dada Jane Manning James. Mwaka 1843 alitembea kwa miguu mamia ya maili yeye na ndugu zake, mpaka miguu ikatoka damu, ili wafike Nauvoo walikokuwa Watakatifu. Mwaka 1847 alikuwa miongoni mwa waliofika bonde la Salt Lake mapema kabisa. Aliomba baraka za hekaluni mara nyingi, akiwaandikia waliokuwa wamekalia viti mlivyokalia ninyi leo. Jibu lilipokuja, 1894, lilikuwa kwamba aunganishwe na familia ya Joseph Smith kama mtumishi wake, milele. Hata kwenye ibada yenyewe hakuruhusiwa kuingia. Alisimama mwanamke mwingine, mweupe, kwa niaba yake. Alifariki 1908 akiwa bado muumini. Nimelifundisha darasa langu habari za waanzilishi waliovuta mikokoteni kuvuka nyika, lakini kisa chake sikukifundisha, maana hakikuwamo kwenye kitabu nilichopewa.

Na wako wale wa Ghana na Nigeria. Walikipata Kitabu cha Mormoni, wakaamini, wakaandika barua kuomba wabatizwe, na walipoona hawajiwi wakaanzisha makusanyiko wenyewe. Joseph William Billy Johnson wa Ghana alihubiri kitabu hicho tangu 1964, naye alikuja kubatizwa mwishoni mwa 1978. Miaka 14 mtu anahubiri kanisa ambalo halijampokea. Mimi, niliyebatizwa baada ya masomo machache ya wamisionari, najiona mdogo mbele ya imani kama ile.

Siku moja darasani tulikuwa tunasoma Tangazo Rasmi la 2, lililoiondoa marufuku hiyo. Kijana wa miaka 14 akasoma utangulizi uliowekwa mwaka 2013, unaosema kwamba kumbukumbu za Kanisa hazionyeshi wazi chanzo cha desturi hiyo. Akainua mkono. "Mwalimu, aliyekosea ni Mungu au ni watu?"

Makala yenu ya 2013 kuhusu rangi na ukuhani inazikana nadharia zilizohubiriwa zamani: kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana, kwamba tulilegea katika maisha kabla ya kuzaliwa. Nashukuru kwa dhati. Lakini mmekana sababu, na marufuku yenyewe mkaiacha ikining'inia, haina baba wala mama. Jibu la kumpa yule kijana sikuwa nalo. Nilimwambia tutazungumza wiki ijayo, na wiki ijayo sikuwa mwalimu wake tena.

Mei 2018, Kanisa likijiandaa kuadhimisha miaka 40 ya ufunuo ule, ilisambaa mtandaoni barua bandia iliyotengenezwa ionekane kama tangazo lenu, ikiomba radhi kwa waumini weusi. Kwa muda wa saa chache kuna walioiamini. Wakalia kwa furaha, wakapigiana simu. Kisha Kanisa likatoa taarifa kwamba si yake. Sipendi mzaha ule. Ulikuwa wa kikatili. Ila ulionyesha watu wanasubiri nini. Laiti radhi ingekuwa imekwisha kuombwa, mzaha huo usingemdanganya mtu.

Hoja ya pili: tuliyofundishwa nusu

Nikiwa misheni tulibeba picha. Joseph ameketi mezani, mabamba ya dhahabu anayoyatafsiri kuwa Kitabu cha Mormoni yako wazi mbele yake, kidole kinafuata mstari. Nilifundisha kwa picha ile kwa miezi mingi. Agosti 2015 Kanisa lenyewe likachapisha picha ya jiwe la rangi ya kahawia, lenye umbo la yai, na maelezo kwamba Joseph aliliweka jiwe ndani ya kofia, akainamisha uso, akaimla maneno. Mashahidi waliokuwa naye chumbani walikwisha kulisema hilo tangu karne ya 19. Sina ugomvi na jiwe. Anayeamini kwamba Musa aliinua fimbo na bahari ikagawanyika hana haki ya kulicheka jiwe. Ugomvi wangu ni na ile picha, na wale waliojua wakaniacha niibebe.

Mafunjo, yaani maandishi ya kale ya Misri ambayo Joseph alisema ndiyo aliyoyatafsiri kupata Kitabu cha Ibrahimu, ni hivyo hivyo. Yalinunuliwa Kirtland, Ohio, mwaka 1835 pamoja na maiti nne za Kimisri, kwa dola 2,400. Ilidhaniwa yote yaliteketea kwenye moto wa Chicago wa 1871, mpaka 1967 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilipolirudishia Kanisa vipande vilivyosalia. Wataalamu wa Misri walivisoma, wakiwemo walio waumini wetu, wakakuta ni maandishi ya mazishi, ya karne nyingi baada ya Ibrahimu. Makala yenu ya 2014 inakubali hivyo, kisha inatoa njia mbalimbali za kukielewa kitabu. Labda mojawapo ni sahihi. Kwa nini basi njia hizo zisizungumzwe Jumapili, mwaka wa kusoma Lulu ya Thamani Kuu, andiko lenye kitabu hicho, unapofika?

Kuhusu masimulizi mbalimbali ya Ono la Kwanza, yaani jinsi Joseph alivyotokewa na Mungu akiwa kijana, likiwemo lile la 1832 alilojiandikia Joseph kwa mkono wake, sitasema mengi. Mimi mwenyewe nikisimulia jinsi nilivyoongoka sirudii maneno yaleyale.

La wake wengi siwezi kulipita. Nikiwa mmisionari, mzee mmoja aliniambia mlangoni kwake kwamba Joseph Smith alioa wake wengi, mmoja akiwa binti mdogo. Nikamwambia, kwa sauti ya juu, kwamba huo ni uongo wa maadui. Mwenzangu akanivuta mkono tukaondoka. Mwaka 2014 makala ya Kanisa ikaeleza kwamba makadirio makini ni wake kati ya 30 na 40, na kwamba Helen Mar Kimball aliunganishwa naye miezi michache kabla ya kutimiza miaka 15. Yule mzee alikuwa amesema kweli. Nilimwita mwongo, mbele ya wajukuu wake, kwa jina la Kanisa.

Hoja ya tatu: sayansi

Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha mageuko ya viumbe: visukuku, urithi wa jeni, jinsi bakteria wanavyozizoea dawa. Jumapili nimewahi kukaa kwenye darasa ambalo watoto haohao waliambiwa kwamba fundisho hilo ni la shetani na kwamba dunia ina miaka elfu chache. Mtoto anabaki na walimu wawili, na mmoja lazima awe mwongo.

Kumbe Kanisa halisemi hivyo. Chuo Kikuu cha Brigham Young, kinachoendeshwa kwa fedha za zaka, kimefundisha mageuko kwa miongo mingi. Mwaka 1931 Urais wa Kwanza, baada ya mabishano makali kati ya viongozi wakuu wenyewe, uliwaelekeza waziachie jiolojia, biolojia na akiolojia watafiti wake, wao washike kazi ya kuokoa roho. Henry Eyring, mmoja wa wanakemia wakubwa wa karne iliyopita, alikuwa muumini thabiti na hakuona haja ya kuchagua upande. Hayati Rais Russell M. Nelson, kabla ya kuitwa kuwa mtume, alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo. Mafundisho na Maagano, kitabu cha mafunuo ya Kanisa letu, yanatuagiza kutafuta elimu kwa kujifunza na pia kwa imani, na kutuambia kwamba utukufu wa Mungu ni akili. Sasa kwa nini kijana anayesoma chuoni humo, Provo, Utah, afundishwe biolojia kamili na maprofesa wenye kibali cha hekaluni, na wa kwetu aambiwe achague kati ya mtihani wake na wokovu wake?

Tena kuna lile neno moja. Toleo la 1981 la Kitabu cha Mormoni lilisema kwenye utangulizi kwamba Walamani, watu wanaosimuliwa humo, ndio wahenga wakuu wa Wahindi wa Marekani. Wanasayansi wa jeni wameonyesha kwamba wenyeji wa bara lile asili yao kubwa ni Asia. Mwaka 2006 sentensi ikabadilishwa: Walamani wamo miongoni mwa wahenga. Badiliko lenyewe naliona la busara. Ila lilipita kimyakimya kwenye utangulizi. Katika kazi yangu, kitabu cha kiada kikikosea, toleo jipya hurekebishwa na mwalimu huwaambia wanafunzi: tulidhani vile, tukapima, tukaona hivi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuihama biolojia kwa sababu hiyo.

Nisieleweke vibaya. Sayansi siifanyi mungu. Baba yangu alipofariki nilijua kwa undani ni nini kilichosimama mwilini mwake na kwa nini, na ujuzi huo haukunisaidia chochote usiku ule. Kilichonisaidia ni jina lake kupelekwa hekaluni, na tumaini kwamba nitamwona. Ndiyo maana naandika. Mtu haandiki kurasa zote hizi kwa ajili ya kitu asichokipenda.

Hoja ya nne: zaka

Februari 2023, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilitangaza kwamba Kanisa na kampuni yake ya uwekezaji, Ensign Peak, wamekubali kulipa faini ya jumla ya dola milioni 5. Kosa lilikuwa kutumia kampuni 13 za jina tu kuficha hisa ambazo kufikia 2018 thamani yake ilikaribia dola bilioni 32. Mlijibu kwamba mnasikitika kwa makosa yaliyofanyika na kwamba suala mnalihesabu limefungwa. Kwa mwanasheria labda limefungwa. Kwa mjane anayetoa asilimia 10 kabla hajanunua unga, halijafunguliwa hata kidogo, kwani hajawahi kuambiwa. Kanisa liliacha kuchapisha matumizi yake kwa kina tangu 1959. Misaada mnayotoa wakati wa njaa na mafuriko naijua, nimeshiriki kuibeba kwa mabega yangu. Lakini anayetoa ana haki ya kuona daftari.

Hoja ya tano: walio pembeni

Novemba 2015 ilitoka sera kwamba mtoto anayeishi na wazazi wa jinsia moja asibatizwe mpaka afike miaka 18. Aprili 2019 ikaondolewa. Kuhusu ndoa zenyewe mawazo yangu bado yanasumbuka, wala sitajifanya nina jibu. Nauliza juu ya wale watoto tu: kwa miaka mitatu na zaidi waliambiwa wasubiri, kisha wakaambiwa waje, na katikati hapakuwa na neno la pole. Kadhalika dada zetu, ambao tangu Oktoba 2019 wanaruhusiwa kuwa mashahidi wa ubatizo. Mke wangu alifurahi, halafu akauliza: "Kwani zamani macho yetu yalikuwa hayaoni?"

Najua mtakayojibu

Mtasema yote haya yapo kwenye tovuti. Yapo, nami nimeyasoma huko. Ila barua iliyofungiwa sandukuni haijamfikia mtu. Wamisionari wetu hawapewi kama somo, na mwalimu anayeyataja huondolewa.

Mtasema maziwa kwanza, nyama baadaye. Nina zaidi ya miaka 20 kanisani. Meno yameota.

Mtasema manabii ni binadamu. Nakubali kwa moyo wote, na maandiko yetu yanakubali: sehemu ya 3 ya Mafundisho na Maagano ni Bwana akimkemea Joseph Smith mwenyewe, Julai 1828, baada ya kurasa 116 za tafsiri yake kupotea, kwa kuwa aliwaogopa watu kuliko Mungu. Joseph aliiacha ichapishwe. Kosa la nabii wa kwanza tunalisoma kwa sauti mimbarani. La wa pili tunaambiwa chanzo chake hakijulikani.

Na mtasema Kanisa halina desturi ya kuomba radhi. Mwaka 2015 mmoja wenu alisema hivyo hadharani. Lakini sehemu ya 58 inasema aliyetubu tutamtambua kwa kukiri dhambi zake na kuziacha. Kuacha, mliacha 1978. Nami, ili nisiwaombe nisiloliweza: kwa mzee yule niliyemwita mwongo mlangoni kwake, naomba radhi. Ulisema kweli, nami nilikuaibisha mbele ya wajukuu wako. Nimemaliza, na bado nina ushuhuda wangu.

Ninachoomba

1. Radhi ya wazi kwa marufuku ya 1852 hadi 1978, isomwe kwenye Mkutano Mkuu na kwenye mkutano wa sakramenti wa kila kata (usharika), ikisema kama marufuku hiyo ilitoka kwa Mungu au kwa watu.

2. Makala za historia ziingizwe kwenye masomo ya Jumapili na mafunzo ya wamisionari, kwa kila lugha tunayobatizia watu, ili asitokee kijana mwingine wa kumtukana mtu kwa kusema kweli.

3. Barua kwa viongozi wote wa maeneo kwamba muumini asipoteze wito wake kwa kunukuu yaliyochapishwa na Kanisa, na kwamba kukubali mageuko ya viumbe si kipimo cha imani.

4. Hesabu za mapato na matumizi kila mwaka, kwa tarakimu. Taarifa ya mkaguzi inayosomwa kila Aprili haina hata tarakimu moja ya fedha.

Darasa langu siliombi lirudi. Aliyepewa ni dada mwema na watoto wanampenda. Nawaombeni tu mnijibu kupitia njia yoyote mtakayoona inafaa, na jibu likija nitalipeleka mwenyewe kwa yule kijana. Sasa ametimiza 15. Jumapili iliyopita aliandaa sakramenti kwa mikono yake myeusi, na tulipokuwa tunatoka aliniuliza kama ile wiki ijayo imefika.

Wenu katika imani,

Muumini na mwalimu wa zamani wa Shule ya Jumapili